Kupaka rangi kalipa za Forester nyumbani: nifungue mpira wa breki au nipake zikiwa hapo hapo?

Kigamboni_SG5

Wakuu, habari za jioni. Gari ni Subaru Forester SG5 ya 2005, diski mbele na nyuma. Rimu zina uwazi mkubwa, kwa hiyo kalipa (vile vyuma vinavyobana pedi kwenye diski) zinaonekana zote, nazo zimeota kutu ya magari yanayolala karibu na bahari. Breki zenyewe ziko vizuri: pedi zimebaki zaidi ya nusu, hakuna panapovuja, gari halivuti upande. Nataka kuzipaka nyekundu mwenyewe, nyumbani, Jumamosi na Jumapili.

Je, lazima nifungue mpira wa breki, ule unaoleta mafuta kwenye kalipa, nizitoe kalipa nje kabisa? Duka la rangi wananiambia rangi ya mafuta ya geti inatosha na kalipa nizioshe kwa petroli. Ni kweli? Na nikimaliza nisubiri muda gani kabla ya kuliwasha gari na kutoka? Nina jeki, stendi mbili, seti ya soketi na brashi ya waya.

Soketi_17

Karibu mkuu. Nianze na hilo la dukani, maana ndilo litakaloharibu kazi yote.

Geti halipati moto, kalipa inapata. Kwa safari za mjini mwili wa kalipa unaweza kupita nyuzi 100, na kwenye mteremko mrefu ukapanda zaidi ya hapo. Rangi ya geti itabadilika rangi, italainika, halafu itaanza kubanduka. Adui wa pili ni mafuta ya breki. DOT 3 na DOT 4 zimetengenezwa kwa glaikoli, na glaikoli huvua rangi. Tone moja likidondoka kwenye rangi ya mafuta, baada ya muda unaikwangua kwa ukucha.

Petroli weka mbali kabisa. Raba zilizo ndani ya breki, yaani ile ya pistoni na zile za kuzuia vumbi, kwa kawaida ni za mpira wa EPDM. Mpira huo unavumilia glaikoli, ila ukikutana na petroli, dizeli, mafuta ya taa au grisi ya kawaida unavimba. Raba ikivimba pistoni hairudi, pedi inabaki imebana diski, na unaanza kusikia harufu ya kuungua gurudumu moja. Watu wengi wanalaumu kalipa kuwa imechoka wakati iliyoiua ni petroli ya kuoshea. Osha kwa maji na sabuni kwanza, ikauke, kisha malizia kwa dawa ya kopo ya kusafishia breki. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe, kwa sababu pedi za zamani zilikuwa na asbesto na huwezi kujua kwa macho.

Mpira wa breki usiufungue. Ukiufungua utahitaji washa mpya za shaba, utahitaji kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, na kosa dogo hapo ni pedali kuzama hadi chini. Kwa kutu ya juu juu kama yako, kalipa inashushwa na kuning'inizwa mpira wake ukiwa umefungwa.

Dada_Breki

Nakubaliana na Soketi_17. Naongeza namna ya kuifanya, gurudumu moja baada ya jingine. Usifungue yote manne pamoja. Upande ambao haujaguswa ndio ramani yako ya kurudishia.

Gari liwe kwenye sakafu ngumu, magurudumu ya upande mwingine yazuiwe kwa mawe au mbao. Legeza nati za tairi (soketi 19) kabla ya kunyanyua, kisha weka stendi. Jeki peke yake si mahali pa kufanyia kazi. Ukiwa mbele, kata usukani ili kalipa ikugeukie.

Boliti mbili za kalipa ni namba 14. Zitoe, inua kalipa, ifunge kwa waya kwenye springi ya shokabu. Isining'inie kwa mpira wake hata kwa dakika moja, maana nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana kwa nje. Toa pedi na uziandike nyuma kwa chaki: ndani, nje, kushoto, kulia. Kila pedi irudi mahali pake. Halafu weka kipande cha mbao mbele ya pistoni. Mtoto akipanda garini akakanyaga pedali, pistoni zitatoka na mafuta yatamwagika, na hapo kazi inakuwa nyingine kabisa. Breketi, yaani fremu inayobeba kalipa na pedi, inashikwa na boliti mbili za namba 17. Ukiitoa unaisafisha vizuri zaidi, lakini si lazima.

Sasa kusugua. Hapa ndipo kazi ilipo, nusu ya muda wako iishie hapa. Brashi ya waya iondoe kutu inayobanduka, msasa namba 80 kwenye sehemu zilizoliwa, kisha 180 au 240 kote ili rangi ipate pa kushika. Kwenye raba za vumbi usipitishe waya, tumia kitambaa chenye maji ya sabuni. Ukimaliza, pulizia dawa ya kusafishia breki na ufute kwa kitambaa cheupe. Rudia mpaka kitambaa kibaki cheupe, mara nyingi ni mara tatu. Tangu hapo usishike chuma kwa vidole vitupu. Jasho na grisi ya mkono vinatosha kufanya rangi ibanduke kama ganda la kitunguu.

Halafu tepu ya karatasi. Funika: raba ya vumbi pamoja na pistoni, nipeli ya kutolea upepo, kichwa cha mpira wa breki na washa zake, matundu ya boliti, pini zinazoteleza na raba zake, na ile sehemu ya vidole vya kalipa inayogusa mgongo wa pedi. Kwenye breketi funika njia ambamo masikio ya pedi (ncha zake mbili) hutembea. Njia zile zina nafasi ndogo sana. Mikono miwili ya rangi inaijaza, pedi inakwama, na inaisha upande mmoja.

Soketi_17

Hapo kwa breketi ongeza na hili, dada: uso wa breketi unaokutana na chuma cha gurudumu usipakwe, wala chini ya vichwa vya boliti. Rangi ikibanwa kati ya vyuma viwili hulainika kwa joto na kukonda, na boliti uliyokaza vizuri inakuwa imelegea bila mtu kuigusa. Ndivyo ilivyo pia kwa kofia ya diski, ile sehemu ya katikati iliyoinuka. Watu wanapenda kuipaka nyeusi ifanane na kalipa. Ubavu wake paka, lakini uso ambao rimu inaukalia uache chuma kitupu, la sivyo nati za tairi zitalegea.

Na uso wa nyuma, kati ya diski na habu (kitovu cha gurudumu), usiguswe na rangi hata kidogo. Unene usiolingana hapo unaifanya diski iyumbe. Yumbo la sehemu ya kumi ya milimita linatosha kutetemesha pedali.

Kigamboni_SG5

Asanteni sana, nimeelewa. Sasa rangi yenyewe ninunue ipi? Nimeona makopo yameandikwa ya injini, mengine ya ekzosi, mengine ya kalipa. Ya kupuliza au ya brashi? Kopo ngapi? Na praima, ile rangi ya kwanza ya chini?

Nyuzi_Joto

Usiulize dukani "rangi ya moto" ukachukua unayopewa. Geuza kopo usome nyuzi na namna ya kuikausha.

Ya ekzosi inavutia kwa sababu imeandikwa nyuzi 600 au zaidi, lakini kwa kalipa ni chaguo baya. Rangi za silikoni za aina hiyo hukomaa kwa kupikwa hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho hupita nyuzi 300. Kalipa ya gari la mtaani haifiki huko, kwa hiyo rangi inabaki nusu mbichi, na mafuta ya breki yanaiondoa kirahisi. Ya injini, zile za nyuzi 260 hivi, inafaa kwa matumizi ya kawaida. Ya kalipa yenyewe ndiyo bora: VHT ya kalipa, kwa mfano, imeandikwa nyuzi 482, na imetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki ikishakomaa. Foliatec ya Ujerumani ni ya brashi, unachanganya rangi na kikaushio chake.

Kwa anayepaka kalipa zikiwa kwenye gari, ushauri wangu ni ya brashi. Ya kupuliza inafika kwenye diski, shokabu, bodi na kila kitu, na kufunika vyote hivyo kunachukua muda kuliko kupaka. Ya kuchanganya ikishachanganywa ina muda wake, haingoji, kwa hiyo changanya ukiwa umeshasugua na kufunika magurudumu yote utakayopaka siku hiyo. Hapo sheria ya dada ya gurudumu moja moja ibaki kwenye kufungua na kufunga: anza na ya mbele mbili Jumamosi, nyuma mbili Jumapili, kila siku na mchanganyiko wake.

Ukiamua ya kupuliza, kopo moja la gramu 312 linatosha kalipa nne. Umbali sentimita 20 hadi 25. Mkono wa kwanza uwe mwepesi kiasi cha kuona chuma bado, subiri dakika 10, wa pili hivyo hivyo, wa tatu ndio uliolowa. Ukipiga mzito mara moja, juu panakauka na thina inabaki chini. Siku gari likipata moto inachemka na kutoa malengelenge. Mkono wa nyongeza uwahi ndani ya saa moja, ukichelewa soma kopo linasemaje, maana rangi nyingi za aina hii hukunjamana ukirudia katikati ya ukaukaji.

Praima ya kawaida usiweke. Itaungua chini ya rangi nzuri. Rangi nyingi za kalipa hukaa moja kwa moja juu ya chuma kisafi.

Jambo la Dar: unyevu. Alfajiri na jioni hewa ni nzito, rangi inakauka ikiwa na ukungu mweupe kama maziwa. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, kivulini, upepo wa bahari usikuletee chumvi na mchanga. Na usisugue Jumamosi ukapaka Jumapili. Chuma kitupu Kigamboni kinaanza kutu usiku mmoja.

Mteremko_Iringa

Kuhusu nyekundu: rangi ya kalipa inakupa habari. Ukishuka mteremko wa Kitonga kwa kukanyaga breki mfululizo badala ya kutumia gia, nyekundu itageuka kahawia, na si kosa la rangi. Ikigeuka kahawia gurudumu moja tu, zingine bado nyekundu, fungua hapo. Pini imekauka au pistoni hairudi.

Ndiyo maana ukiwa umeshafungua, toa pini zote, futa grisi ya zamani, weka grisi ya silikoni ya breki, kidogo tu. Grisi ya beringi ni ileile hadithi ya petroli, inavimbisha raba. Kupaka rangi kalipa ambayo pini zake hazitelezi ni kazi bure.

Na kibandiko cha jina la Brembo, kampuni ya breki, kwenye kalipa ya kawaida, tafadhali acha. Fundi au mnunuzi ataagiza pedi zisizo zake.

Kigamboni_SG5

Mmenisaidia mno. Limebaki la kurudisha. Na dada, hapo nyuma kuna jambo la tofauti?

Dada_Breki

Kwa Forester yako hapana. Breki ya mkono ina viatu vyake ndani ya kofia ya diski, kwa hiyo pistoni ya nyuma inarudi kwa kusukumwa. Anayesoma hapa akiwa na gari ambalo kebo ya breki ya mkono inashika kalipa yenyewe, pistoni nyingi za hivyo hurudi kwa kuzungushwa, ukiilazimisha kwa kubana unaivunja. Zenye breki ya mkono ya umeme ziwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo.

Kurudisha: tepu itoe rangi ikiwa imeshika ila haijawa ngumu, ili isivunje kingo. Acha ikauke saa kadhaa kabla ya kufunga, na usiku mzima kabla ya kuendesha. Ukilazimika kusukuma pistoni ndani, fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki na uangalie mafuta yasimwagikie kwenye bodi. Yakimwagika, maji mengi mara moja, usifute kwa kitambaa kikavu. Boliti za kalipa na breketi kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari. Nati za tairi karibu Nm 100 kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa mtindo wa nyota, na uzirudie baada ya kilomita 50.

Diski futa kwa dawa ya breki pande zote mbili. Pedi ikiguswa na tone la rangi juu juu, msasa unaondoa. Ikinywa grisi au mafuta, badilisha seti nzima ya ekseli hiyo, usibadilishe moja.

Kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itaenda chini, kwa sababu pistoni ziko mbali na pedi. Halafu zunguka taratibu mtaani, breki za wastani, dakika 20 hivi. Joto hilo linaendelea kukomaza rangi. Kuosha gari kwa presha acha wiki moja.

Kigamboni_SG5

Nimeandika yote. Jumamosi saa nne naanza na mbele kushoto, nitaleta picha ya breketi kabla ya kupaka mniangalie tepu.

Soketi_17

Leta, mkuu. Piga picha ile njia ya masikio ya pedi kwa karibu, na uso wa breketi.