Kozi za mifumo endeshi na mifumo sambazwa chuoni: zibaki lazima au ziwe za hiari?

Mleta mada:
Wakuu, mdogo wangu yuko mwaka wa tatu kompyuta na kozi mbili zinamtoa roho: mifumo endeshi ya ngazi ya juu, yaani programu kuu zinazoendesha kompyuta, kama Windows, na mifumo sambazwa, yaani kompyuta nyingi kufanya kazi kama moja. Kanipigia juzi: "Kaka, nani hapa Dar ataniajiri nimwandikie kerneli?" Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi. Nilicheka, kisha nikakosa jibu.

Nimelifikiria wiki nzima. Msimamo wangu: kozi zibaki lazima, ila ule mtihani wa "eleza maana, taja aina tano" ufutwe.

Chukua jambo la kila siku. Unamtumia mama laki moja kwa simu. Unabonyeza, kiduara kinazunguka, mtandao unakata. Ombi halikufika? Au lilifika, hela imetoka, na kilichopotea njiani ni jibu tu? Simu yako haina namna ya kujua. Ukirudia, pengine unatuma mbili. Usiporudia, pengine mama hajapata kitu. Dawa yake ni kila ombi kubeba namba yake, seva, yaani kompyuta ya kampuni inayopokea maombi, ikiliona tena ijue ni lile lile na irudishe jibu lile lile. Kulisema ni rahisi. Lakini kijana ambaye hajawahi kuumizwa kichwa na hilo ataandika programu inayokata hela mara mbili, halafu atasingizia mtandao. Na M-Pesa ipo Kenya tangu 2007, kwetu tangu 2008. Hata mama ntilie anaishi na tatizo hili.

Mdau, mhitimu wa mwaka jana:
Mkuu, unaongea kama mtu mwenye ajira. Mimi mifumo sambazwa nilipata B+, na yote ilikuwa desa. Nilikariri usiku, asubuhi nikatapika kwenye karatasi. Kazini siku ya kwanza naambiwa niweke tovuti ya hoteli hewani, nikabaki nakodoa macho. Nilijifunza kwa bando langu mwenyewe. Seva tunakodi Ulaya, acha wenye nazo wahangaike nazo. Iwe hiari, anayetaka kwenda kusoma zaidi aichukue.

Mdau mwingine:
Kwa hiyo na hisabati tufute? Maana sijaona hoteli inayotaka kalkulasi.

Mwalimu wa chuo:
Naomba niseme kidogo. Ninafundisha watu zaidi ya mia mbili darasa moja. Maswali ya kueleza nayasahihisha kwa siku nne. Nikiwapa wote waandike programu, nani ataisoma? Na wengine wanachangia laptopu moja wanne. Si kwamba hatujui kufundisha vizuri.

Mleta mada:
Mwalimu, shikamoo, na hoja yako ni nzito. Ila nina mambo mawili.

Kwanza, ugumu. Mtaalamu wa kompyuta Leslie Lamport alipotaka kueleza jinsi kompyuta nyingi zinavyokubaliana jambo moja hata baadhi zikizimika, aliliandika kama hadithi ya bunge la kisiwa cha Paxos huko Ugiriki. Ilichapishwa 1998, na watu wengi hawakuielewa. Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakaleta njia nyingine, Raft, na lengo lao waziwazi lilikuwa ieleweke. Wakawafundisha wanafunzi 43 njia zote mbili na kuwapima: 33 walifanya vizuri zaidi kwenye Raft. Tatizo ni lile lile, wanafunzi ni wale wale, ila maelezo yalibadilika. Sasa unaniambia vijana wetu hawaliwezi?

Pili, kusahihisha. Chuo cha MIT cha Marekani wana xv6, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, chini ya mistari 10,000, unasomeka wote kwa muhula. Ni bure, unakwenda kwenye laptopu ya kawaida, na mazoezi yake yanakuja na majaribio: mashine yenyewe inatoa maksi. Mazoezi yao ya Raft nayo yako hivyo hivyo.

Na wewe mhitimu, B+ yako nakuonea huruma kweli, umedhulumiwa. Lakini hilo la kukodi Ulaya limenikumbusha 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ikatusumbua Tanzania na Kenya. Ukikodi seva ng'ambo, ule waya ni sehemu ya programu yako, upende usipende. M-Pesa yenyewe ya Kenya seva zake zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa nyumbani 2015.

Mhitimu:
Hapo kwenye waya umenishika. Ila bado nasema, kama itaendelea kufundishwa kwa desa, heri iwe hiari, vijana waokoe muda.

Mwalimu wa chuo:
Marahaba. Mia mbili siwezi, nisidanganye. Muhula ujao naweza kujaribu na kundi la ishirini, wapewe Raft waiandike badala ya swali la "taja aina tano". Lakini ninahitaji mashine tano za kuunganisha pamoja, ili tukizima mbili waone tatu zilizobaki zinaendelea. Tukizima ya tatu, waone zinavyogoma. Za maabara siruhusiwi kuzichomoachomoa.

Mhitimu:
Ninazo laptopu mbili chakavu. Moja betri imekufa, ukigusa waya tu inazima.

Mleta mada:
Hiyo hiyo ya betri mbovu ndiyo ilete.