Tupeane uzoefu: mzazi aliyekutelekeza akirudi, unamwekea mipaka gani?

Wakuu, habari za jioni. Mzee wangu aliondoka nikiwa darasa la tatu, tumepanga Buguruni. Mama akatulea kwa vitumbua. Mwaka jana ami akanipa namba: "Mpigie baba yako, anaumwa." Nikapiga. Tukaanza na dawa za presha, ikaja kodi, sasa anasema chumba cha uani hapa kwangu Kinyerezi kinamtosha.

Dawa nalipa mwenyewe duka la dawa, hela mkononi simpi. Kulala kwangu hapana. Mama asitajwe kwa ubaya. Ndugu washaanza kunitisha na radhi. Nyie wenzangu mlifanyaje?

Dada wa Mbagala:
Yangu ilikuja kwenye ndoa. Baba nilikuwa sijamwona miaka 14, mjomba ndiye kanisomesha, nikataka yeye aniozeshe. Ustadhi akaniambia taratibu: mwanangu, kaka wa mama si walii wako, yaani si msimamizi wa kukuozesha. Baba yupo hai, aozeshe yeye au ampe mtu uwakala. Nililia siku mbili.

Nikamfuata Kigamboni. Kwake sikuingia, tukaongea pale pantoni, watu wanatusukuma na ndoo za samaki. Nikamwambia: "Baba, nakuomba uniozeshe, au umpe mjomba uwakala. Mahari ni haki yangu, hutaigusa. Na siku hiyo sitaki neno na mama." Akanuna, eti nimemdhalilisha mbele za watu (watu wenyewe wala hawakuwa na habari na sisi). Wiki ikapita, akapiga: mjomba aozeshe. Siku ya shughuli akaja na kanzu imenyooka pasi, akakaa mkekani na wanaume wenzie, akala pilau, akaondoka. Sikukuu nampigia. Zaidi ya hapo hajaomba, nami sijampa.

Mdau wa Tabata:
Mkuu, hicho ni kisasi umekivisha kanzu. Mzazi ni mzazi. Mpe chumba, Mungu atakulipa.

Mdau wa Temeke:
Wa Tabata, inaonekana wewe ulilelewa na wote wawili. Chakula, mavazi, matibabu, shule, Sheria ya Mtoto imemwandikia mzazi yote hayo. Bahati mbaya imekuja 2009, wengine tulishakuzwa na vitumbua. Mtoa mada, chumba usitoe. Mgeni akishaingiza godoro, kumtoa ni kikao cha ukoo.

Mdau wa Ubungo:
Mbona wote mnasema baba? Aliyeondoka kwetu ni mama. Alikwenda Uarabuni nina miaka 6, akarudi nina 22, na mabegi ya zawadi za mtoto wa miaka 6. Wajukuu anawaona Jumamosi, nikiwepo, na anapiga simu kabla ya kuja. Mke wangu anasema nimekaza sana, labda. Shikamoo nampa kila akija. Neno "mama" ndiyo bado halijatoka.

Mtoa mada:
Dada wa Mbagala, hilo la kuongelea nje nimelichukua. Wa Tabata, nimekusikia pia, sijakasirika. Mzee kapiga mara tatu nikisoma haya. Nimemtumia ujumbe: Jumapili saa nne asubuhi, kituo cha Mwendokasi Kimara, nitakuja na dawa zake za mwezi. Kajibu, "Na lile la chumba?" Nimeandika, "Hapana, baba." Zimetokea tiki mbili, bado kimya.