RAV4 kwa njia ya Mtwara hadi Newala: matairi ya "hali zote za hewa" au ya kashata nene?

Mkaguzi wa Shangani

Habari za jioni, ndugu zangu wa Kusini. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha. Ninaendesha Toyota RAV4 ya mtumba iliyotoka Japani, na kazi yangu ni kuvizungukia vyama vya msingi vya wakulima wa korosho, hivyo katika wiki moja naweza kulala Tandahimba, kuamkia Newala na kurudi Mtwara mjini kwa njia ileile. Kutoka mjini hadi Mnivata, kilomita 50, natembea kwenye lami. Mbele ya hapo nakutana na michepuko ya ujenzi, mchanga mwekundu, na vijia vya kuingia vijijini ambavyo wakati wa mvua hugeuka utelezi mtupu.

Matairi yaliyokuja na gari yamekwisha kwa kasi iliyonishangaza. Yalionekana mapya kabisa siku ninalipokea gari, na sasa, kabla sijamaliza kilomita 15,000, yamekuwa kipara pembeni na kashata za katikati, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zimemegekamegeka. Ubavuni yameandikwa 225/65R17 na neno STUDLESS, ambalo sikulitilia maanani.

Muuzaji mmoja ananishauri ninunue matairi anayoyaita ya hali zote za hewa, yenye alama ya mlima na chembe ya theluji, kwa hoja kwamba tairi lililoiweza theluji haliwezi kushindwa na matope. Bei yake ni ya juu kuliko ya mengine yote dukani. Fundi anayeniziba pancha anasema nifunge ya kashata nene na nisahau habari za theluji. Nimsikilize nani?

Dereva Mstaafu, Masasi

Ndugu Mkaguzi, msikilize fundi wako wa pancha, ingawa sababu zinahitaji kuelezwa kwa kirefu kidogo.

Anza na hayo matairi yaliyokwisha. STUDLESS ni tairi la majira ya baridi. Japani ya kaskazini hupata theluji nyingi, na magari mengi hupandishwa melini yakiwa bado yamevaa matairi hayo, mara nyingi yakiwa na kashata nzuri, jambo linalomfurahisha mnunuzi wa huku bila kujua amepewa nini. Mpira wake umefanywa laini kwa makusudi ili usikakamae kama ubao juu ya barafu, na kashata zake zimechanjwachanjwa mikato mingi myembamba ili ziung'ate uso wa theluji. Ukiuleta mpira huo kwenye lami ya Mtwara saa nane mchana, ulaini uliokuwa sifa unageuka hasara, kwa sababu kashata zinanesanesa, zinapata joto na kumegeka. Kwa hiyo hizo kilomita 15,000 hazinishangazi. Kinachonitisha zaidi ni kwamba tairi la namna hiyo huchelewa kusimama kwenye lami yenye joto, na zaidi lami ikiwa imelowa, wakati dereva anajiamini kwa kuona kashata bado zimesimama.

Sasa haya ya "hali zote za hewa". Jina hilo limetungwa kwa ajili ya watu wa nchi kama Kanada, ambako dereva anatafuta tairi moja la kukaa nalo mwaka mzima badala ya kubadilisha mara mbili, la kiangazi na la baridi. Alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ina maana kwamba tairi limefaulu jaribio la kushika theluji. Halikupimwa kwa utelezi wa Newala wala kwa mchanga wa Msimbati. Mpira wake umechanganywa ili usikakamae joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na mimi nimeishi Kusini tangu utotoni sijaiona siku hiyo. Unalipia uwezo ambao hutautumia hata dakika moja. Nalo si baya kama lile la STUDLESS, maana limetengenezwa kustahimili kiangazi pia, lakini ubavu wake kwa kawaida ni wa gari la lami, na changarawe zenye ncha zitauchana.

Utaona pia herufi M+S, za matope na theluji. Usizitegemee sana, kwa kuwa mtengenezaji huziweka kwa kuzingatia umbo la kashata na nafasi kati yake, bila kulazimika kulijaribu tairi popote.

Herufi za kuzitafuta ni nyingine. H/T ni tairi la barabara kuu, A/T ni la njia mchanganyiko, na M/T ni la matope makubwa. Kwa safari ulizozitaja, chukua A/T. Nafasi pana kati ya kashata zake hutema udongo tairi linapozunguka, ilhali tairi la lami hujaa matope likawa kama mpira wa miguu uliopakwa mafuta. M/T waachie wenye magari mazito ya porini, kwa sababu kwenye lami hunguruma, hula mafuta, na huishika vibaya lami iliyolowa.

Dada wa Mikindani

Shikamoo mzee wa Masasi. Kuhusu theluji umemaliza kila kitu, na sina la kuongeza. Ninalo pingamizi dogo kuhusu A/T, kwa sababu naona imekuwa desturi kila mwenye gari la juu kuambiwa afunge kashata nene, hata yule ambaye gari lake huliona vumbi siku ya msiba wa kijijini tu.

Mimi husafiri kwenda Dar es Salaam karibu kila mwezi, zaidi ya kilomita 500 kwenda na zaidi ya 500 kurudi, zote lami. Nilifunga A/T zenye kashata kubwa kwa ushauri kama huu, na msimu wa mvua uliofuata, nikiwa sijafika Mbwemkuru, nilikanyaga breki nyuma ya lori lililopunguza mwendo ghafla na gari likaendelea kuteleza kama halikusikia. Lilisimama hatua chache kabla ya bodi la lori. Makosa mengine yalikuwa yangu, kwa maana mwendo ulikuwa mkubwa na matairi yalikuwa yameanza kuzeeka, lakini nilijifunza kwamba kashata kubwa zilizoachana huigusa lami kwa eneo dogo zaidi, na juu ya maji tofauti hiyo inaonekana. Sasa natumia H/T na nina amani.

Kwa hiyo, kaka Mkaguzi, kabla ya kuchagua, hesabu kilomita zako za mwezi mmoja kwa uaminifu. Robo tatu zikiwa lami, H/T nzuri yenye njia pana za kupitisha maji itakufaa, na siku chache za matope utaenda polepole au utasubiri njia ikauke. Nusu au zaidi zikiwa udongo, basi mzee yuko sahihi.

Aina yoyote utakayochukua, usingoje tairi lifike kwenye vile vituta vidogo vilivyofichwa ndani ya mifereji yake. Vituta hivyo huonyesha kina cha milimita 1.6, ambacho kwenye nchi nyingi ndicho kiwango cha chini cha sheria, ila kwa mvua zetu za Januari mimi hubadilisha kina kikifika milimita 3. Chini ya hapo maji hayapati pa kupita, na tairi linapanda juu yake likaacha kabisa kuigusa barabara.

Fundi Matairi, Lindi mjini

Wote wawili mmesema kweli, na mimi ambaye kazi yangu ni kufungua na kufunga matairi kutwa nzima naongeza yale ninayoyaona kwenye kijiwe changu.

Watu hubishana kuhusu aina ya tairi kisha wananunua lililozeeka. Ndugu Mkaguzi, ukifika dukani tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na DOT, halafu soma tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji ametoa karatasi lake mbele yako leo. Tairi lililotundikwa nje ya duka miaka mitatu likipigwa na jua la pwani limeshaanza kufa kabla halijatembea. Pinda ubavu kidogo, uangalie kama kuna nyufa nyembamba kama za kisigino kilichokauka. Ukiziona, rudisha tairi hata kama bei ni ya kutupa.

La pili ni namba zinazofuata ukubwa. Kwenye 225/65R17 102H, ile 102 inamaanisha tairi moja linabeba hadi kilo 850, na H inamaanisha limekubaliwa hadi mwendo wa kilomita 210 kwa saa. A/T nyingi za ukubwa huo huja na S au T, yaani 180 au 190, na barabarani kwetu hakuna anayehitaji zaidi. Herufi ya mwendo unaweza kuishusha. Uzito usiushushe chini ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, hasa wewe unayerudi na magunia ya sampuli nyuma. Yapo pia matairi yenye herufi LT mbele ya ukubwa, yaliyokusudiwa magari ya mizigo midogo. Ubavu wake ni mgumu na huvumilia mawe, lakini yanadai upepo mwingi zaidi ili yabebe uzito uleule, na kwenye RAV4 utahisi kila kokoto mgongoni.

Upepo wenyewe ndio unaoua matairi mengi kuliko mawe. Tairi lenye upepo pungufu hupindapinda ubavu kila linapozunguka, linachemka, na mwisho linapasuka kwenye lami iliyonyooka ambako hakuna hata shimo. Ukisema matairi yako yaliisha pembeni, hiyo inaniambia kwamba mbali na ulaini wa STUDLESS ulikuwa ukitembea na upepo mdogo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, ufuate kibandiko cha mlangoni, ambacho kwa gari lako naamini kitasema PSI 32 (kipimo cha upepo) au karibu na hapo. Ukipima baada ya safari, namba itakuwa imepanda kwa sababu ya joto, na ukiupunguza upepo hapo utakuwa umejidanganya.

Mahali pekee pa kuupunguza kwa makusudi ni kwenye mchanga mlaini, kama ule wa kwenda Msimbati. Shusha hadi 20 au 18, tairi litatandazika na kuelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Nenda taratibu, usikate kona kwa nguvu, na ukirudi kwenye njia ngumu jaza kabla hujaongeza mwendo. Asiye na pampu ya kuchomeka kwenye gari asishushe, maana nimewahi kuletewa tairi lililochanika ubavu mzima kwa sababu mwenyewe alitembelea 18 hadi mjini akitafuta upepo.

Mkaguzi wa Shangani

Nawashukuru sana, na nimefanya hesabu kama dada alivyoelekeza. Kwa mwezi uliopita zaidi ya nusu ya kilomita zangu zilikuwa udongo, na msimu wa korosho ukishika kasi zitaongezeka, kwa hiyo nimeamua A/T, ila ile yenye kashata zilizokaribiana katikati ili lami isiniadhibu.

Nilikwenda dukani leo. A/T za 225/65R17 zipo mbili tu, zenye tarakimu 4123. Muuzaji anasema anazo nne za 235/65R17, mpya zaidi, zinazoingia kwenye rimu yangu bila shida, na kwamba gari litapanda juu kidogo. Vinginevyo nichukue hizo mbili nifunge mbele, nyuma nibaki na za zamani hadi mwezi ujao. Gari ni la kuvuta magurudumu yote manne.

Fundi Matairi, Lindi mjini

Hilo la mbili mbele likatae moja kwa moja. Tairi jipya ni kubwa kwa kimo kuliko lililolika, hivyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yatazunguka kwa idadi tofauti katika umbali uleule, na mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma utakuwa ukisuguana muda wote hadi uungue. Bei ya kuutengeneza itakununulia matairi seti kadhaa. Tena utakuwa na STUDLESS kipara nyuma kwenye mteremko wa utelezi, na nyuma ikitangulia mbele pale karibu na Shimo la Mungu, lile genge la Newala, hakuna usukani utakaokusaidia.

Kuhusu 235/65R17, piga hesabu. Ubavu wa 225/65 ni milimita 146 na kidogo, wa 235/65 ni karibu 153, kwa hiyo kimo cha tairi zima kinatoka milimita 724 hadi 737. Gari litanyanyuka kama milimita 6 na nusu tu, na spidi ikisoma 80 utakuwa unatembea zaidi kidogo ya 81. Hilo linavumilika. Nisichoweza kukuhakikishia bila kuliona gari ni kama tairi litagusa plastiki ya ndani ukikata kona hadi mwisho gari likiwa limebeba. Mwambie muuzaji afunge moja mbele kushoto, kisha moja mbele kulia, ukate usukani pande zote watu wanne wakiwa wamekaa ndani. Likigusa, usikubali ushauri wa kukata plastiki, agiza 225 mbili zaidi na usubiri.

Ukichukua 235, utahitaji tano, kwa sababu spea yako ya sasa itakuwa ndogo kuliko wenzake. Kama fedha haitoshi, baki nayo kwa dharura, lakini ukiifunga tembea polepole hadi kwa fundi wa pancha wa karibu na si hadi Mtwara. Baada ya kufunga pitia alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, na ukishatembea kama kilomita 100 rudi ukazwe nati upya.

Mkaguzi wa Shangani

Nimefanya jaribio hilo asubuhi hii. Kulia liligusa plastiki tulipokaa wanne, kushoto halikugusa. Nimelipia 225 mbili zilizopo, na nyingine tatu zimeagizwa kutoka Dar es Salaam. Hadi zitakapofika nitakwenda Newala kwa basi.