Mafundi umeme wa magari, takometa siyo taa ya ndani! Mnatuulia koili

Wakuu salamu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Nina Corolla KE70, injini 4K, ya kabureta na platini (kile kiswichi kidogo kinachofunga na kukata umeme wa koili, na koili ndiyo inayozalisha umeme mkali wa cheche za plagi). Dashibodi yake haina mshale wa RPM, yaani wa mizunguko ya injini kwa dakika, nikanunua takometa, mita ya kuisoma hiyo mizunguko, ya kufunga pembeni pale Kariakoo, nikampelekea fundi umeme mmoja wa gereji za Ilala. Jina simtaji. Kaunga haraka haraka, kanionyesha mshale unacheza, nikalipa. Baada ya muda mfupi gari ikanizimikia kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Haikukohoa wala haikumisi, ilikata tu. Starta inazungusha vizuri, cheche hakuna.

Hapo ndipo nilipoanza kuliwa. Nikauziwa koili. Nikauziwa platini na kondensa. Kabureta ikafunguliwa ikaoshwa, wakati kila mtu pale kaona kwa macho yake kwamba plagi hazitoi cheche! Koili mpya nayo ikachemka mpaka haishikiki, nikaambiwa "hii ni feki bosi, tafuta ya mtumba." Hakuna hata mmoja aliyeuliza ule waya mwembamba wa kijani wa takometa umeongezwa lini. Mpaka mzee mmoja wa gereji ya uani akauchomoa kwenye hasi ya koili, akapiga starta, gari ikawaka hapohapo.

Sasa mafundi mnisikilize, maana mnajifanya huu waya ni wa "kusomea tu". Platini zikifunga, umeme unapita kwenye koili kwenda bodi, yaani bati la gari ambalo ndilo hasi ya betri. Zikiachia, umeme unakatika ghafla, na huko kukatika ndiko kunakozaa cheche. Takometa inahesabu hayo makato pale kwenye hasi ya koili. Maana yake waya wake umeunganishwa sehemu ileile inayoamua injini iwake au izime. Waya huo ukichubuka ukagusa bodi, ni sawa na platini zilizofunga na hazitafunguka tena. Cheche hakuna. Na swichi ikiwa imewashwa, koili ya omu 3 kwenye volti 12 inapitisha ampea 4 mfululizo, yaani wati 48 za joto ndani ya kopo lililozibwa. Unategemea isichemke?

Wangu ulichubuka wapi? Kwenye tundu la ukuta kati ya injini na dashibodi. Fundi kaupitisha kwenye bati tupu, hakuna raba, na safari nzima ya waya kaulaza juu ya waya za plagi. Maungio kayasokota kwa vidole na kuyafunga tepu.

Nilipomrudia akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Mbona nimeweka fyuzi?" Jamani! Fyuzi iko kwenye waya mwekundu unaoleta moto wa mita. Umeme uliochemsha koili haukupita huko, umepita kwenye koili yenyewe ukatoka kwa waya wa kijani. Fyuzi yako ingekaa nzima mpaka gari inaoza. Fyuzi ya mwekundu iwepo, ndiyo, lakini kinachomlinda mwenye gari kwenye waya wa ishara ni raba, bomba gumu la plastiki la kuufunika, kuukwepesha na manifodi ya ekzosi yenye joto kali, na maungio ya kuchomelea kwa risasi. Na kabla hujagusa chochote unatoa hasi ya betri, siyo unachuna waya huku redio inaimba.

Kuna vituko vingine. Nyuma ya ile mita kuna kiswichi cha kuchagua silinda 4, 6 au 8. Kakiacha kwenye 8. Injini ikizunguka 800, mshale unasoma 400. Akasema sailensi (mizunguko ya injini gari ikiwa imesimama) iko chini, akashika bisibisi akapandisha mpaka mshale ukasoma 800, yaani injini inazunguka 1,600 nimesimama kwenye taa. Mafuta nanunua mimi!

Na haya siyo siri. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaonya waziwazi kwamba ncha ya takometa isiguse bodi kamwe, inaweza kuharibu igniter (kiboksi cha elektroniki kinachofanya kazi ya platini) au koili, na kwamba si kila takometa inaelewana na kila mfumo. Toyota nyingi za miaka ya 90 zina kiboksi cha kupimia chini ya boneti, ndani kina tundu limeandikwa IG-, la kazi hiyo hiyo. Lakini fundi hafungui hata kifuniko.

Wenye gari za koili juu ya kila plagi ndiyo muwe wakali zaidi. Huko waya wa kuamuru koili unatoka kontroboksi, kompyuta ya injini, ukiwa na volti chache tu. Mtu akikuchunia huo kwa kubahatisha, hesabu ya hasara haiishii kwenye koili. Hata akibahatika, koili moja inapiga mara moja kwa mizunguko miwili, kwa hiyo mita ya silinda 4 itasoma robo ya mizunguko halisi. Na anayetaka kuchoma pini kwenye waya wa plagi ili apate ishara, mwambie mle mna volti zaidi ya 10,000, aanze kwa kushika yeye.

Fundi nimemwambia anirudishie hela ya koili. Hapokei simu.

NYONGEZA: Mkuu aliyeuliza kuhusu Hiace ya dizeli, dizeli haina koili wala plagi za cheche. Ishara inachukuliwa kwenye ncha ya W ya alteneta (kifaa kinachochaji betri), kama alteneta yako inayo, na mita iwe ya aina hiyo. Fundi akifungua boneti ya dizeli akaanza kutafuta koili, mnyang'anye funguo uondoke.