Kamera vyumbani mwa wanaotunzwa: ziwekwe au zisiwekwe?

Mwanamjadala:
Wadau, kwenye vituo vya watoto na nyumba za wazee kamera ziwekwe hadi vyumbani? Mi nasema ziwekwe. Asiyeweza kuongea atamwambia nani kwamba kapigwa? Mnakumbuka Winterbourne View, ile hospitali ya watu wenye ulemavu wa akili kule Uingereza 2011, muuguzi aliwaandikia wakubwa, akawaandikia hadi wakaguzi, kimya, mpaka BBC walipoingia na kamera ya kuficha. Watu 11 wakatiwa hatiani, 6 wakaenda jela. Na tusidanganyane, mlezi wa mshahara hana uchungu na mtu asiye wake.

Zamu ya Usiku:
Hapo mwisho umenikera kaka. Hana uchungu nani? Usiku kucha nawageuza watu wasiojiweza kila baada ya masaa mawili wasitoke vidonda vya mgongo, niko peke yangu ukumbi mzima. Hao wenye uchungu wako wapi? Wengine tangu wamlete mzee hata simu hawajapiga.

Kitukuu:
Mwambie! Unamtelekeza baba yako halafu unadai kamera, ulinzi wa kwanza ni ndugu kufika bila taarifa.

Mama Wawili:
Msitujumlishe jamani. Mdogo wangu haongei na mie kwake siachi kwenda. Juzi namvua shati nakuta alama nne zimepangana mkono wa juu kwa ndani, naambiwa kaanguka. Mtu anaangukaje akatoka na alama za vidole?

Mwanamjadala:
Si ndo nachosema! Kamera ingeonyesha.

Nukta:
Na ingeonyesha anavuliwa nguo na kubadilishwa nepi, hiyo video anakaa nayo nani? Meneja yuleyule? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa watu wenye ulemavu wa 2006 unalinda faragha, nadhani kifungu cha 22, na cha 16 kinataka vituo vikaguliwe na chombo huru. Hata watoto, mkataba wa 1989 unasema aliyewekwa mahali na serikali hali yake ipitiwe mara kwa mara. Wangapi wanapitiwa kweli?

Mwanamjadala:
Faragha faragha, wapigaji wote wanajificha humohumo.

Zamu ya Usiku:
Kwa hiyo mie mpigaji? Niliwahi kumripoti mwenzangu aliyekuwa anamfungia mtoto chooni, nikaitwa msaliti na kupunguziwa zamu. Anayesema akilindwa mtajua mengi kuliko kamera.

Kitukuu:
Pole dada, hilo kubwa.

Mama Wawili:
Sawa, ila mie nafanyaje leo? Nikilalamika napelekwa kwa meneja wa hapohapo.

Zamu ya Usiku:
Mama usiishie kwa meneja. Piga picha leo kabla alama hazijafifia, andika walivyokuambia neno kwa neno na nani kasema, daktari wa nje amwangalie, kisha nenda polisi au ustawi wa jamii. Na ulizia daftari la zamu, waliokuwepo usiku huo wameandikwa humo.