Patagonia na The North Face: nani anayejali mazingira kweli?

Wadau, hoja ninayoisikia kila mara ni kwamba hawa wawili, kampuni za Marekani za nguo za milimani, ni walewale, wanapiga kelele za mazingira ili wauze makoti. Mimi sikubaliani, na naandika nikiwa Moshi, ambako makoti ya wote wawili yanakuja kuzeekea.

Waanzilishi walikuwa marafiki. Douglas Tompkins alifungua The North Face mwaka 1966, na 1968 akasafiri na Yvon Chouinard kwenda kupanda mlima Fitz Roy, Amerika ya Kusini. Chouinard akaanzisha Patagonia 1973. Leo The North Face ni mali ya VF, kampuni inayouza hisa sokoni, na mwenye hisa anataka gawio. Familia ya Chouinard ilitoa umiliki wake mwaka 2022, na faida isiyorudi kwenye biashara inakwenda kulinda mazingira. Mtu hagawi kampuni nzima kwa ajili ya tangazo.

Mnaopinga mtaniambia: mwaka 2011 Patagonia walitangaza gazetini "Usinunue koti hili", mbona bado wanauza? Wanauza, ndiyo. Lakini tangazo lile lile lilikiri kwamba kutengeneza koti moja kunakula lita 135 za maji. Na fulana zao nzito za flisi, kitambaa laini cha nyuzi za plastiki, hata zikitokana na chupa zilizotumika, zikifuliwa zinamwaga nyuzi za plastiki majini. Hapo siwatetei.

Kipimo changu ni matengenezo. Mgeni akishuka Kilimanjaro humwachia mpagazi koti lake kama bakshishi. Kinachoanza kufa ni zipu. Nililonalo mimi, sitaji la nani, kitambaa kilikuwa kizima kabisa, ila kichwa cha zipu kilikuwa kimepanuka, meno hayashikani. Fundi alikibana kwa koleo, taratibu, upande mmoja kisha wa pili, akapitisha mshumaa kwenye meno. Miaka miwili sasa, bado linafunga. Lakini utepe wa mishono ya ndani, ule unaozuia maji, ukibanduka, hana wa kubandika, na usiku wa kuelekea kileleni koti linalovuja si jambo la mzaha.

Patagonia wana huduma ya kukarabati nguo zao, na hiyo ndiyo inanifanya niwape kura. Ila huduma hiyo iko mbali na Moshi. Kwa nini wote wawili wasilete vipuri na utepe kwa mafundi wa huku? Anayeona hilo haliwezekani, anieleze kinachozuia.