Hita ya gesi: ya kabati au ya ukutani? Zote zimeshafungwa, moja inarudi dukani

Baridi_Njombe
Wakuu, Juni hii imekuja na meno. Nimepewa hita mbili nijaribu, Jumamosi moja inarudi. Ya kwanza ya kabati, plate tatu (vibao vinavyowaka), 4.2 kW, mtungi unakaa ndani yake. Ya pili ya ukutani, mtumba wa Uingereza, bomba la moshi linatoka nje. Ya mtumba moto wake wa njano unapendeza kama kuni. Nibaki na ipi?

Spana17
Chumba cha nini? Ukubwa? Regulata, ile ya kupunguza presha ya mtungi, imeandikwa namba gani? Bila hayo tunapiga ramli.

MamaNgano
Kabati. Unaisukuma popote.

Spana17
Popote isipokuwa chumba cha kulala na bafuni, maana hewa chafu yake yote inabaki ndani. 4.2 kW inataka matundu ya hewa yasiyopungua sentimita za mraba 105 kwa jumla, nusu juu nusu chini. La chini msilizibe na zulia: gesi ikivuja inalala sakafuni.

KokiYaShaba
Huo moto wa njano ndio ugonjwa wenyewe. Hita nyingi za ukutani za Uingereza ni za gesi asilia, presha ya milibari 20, tundu la nozeli (kinachotolea gesi) pana. Ukiilisha gesi ya mtungi, gesi inapita nyingi, hewa haitoshi, masizi yanaanza, na kaboni monoksidi haina harufu. Soma bati la maelezo: G20 ni gesi asilia, G30 au G31 ni ya mtungi.

Kuna moja ilifungwa hivyohivyo Mafinga. Fundi kuona masizi akafungua njia ya hewa mpaka mwisho. Moto ukawa buluu, lakini ukaruka juu ya vitundu vyake na kuzimika kila dakika chache. Akabana nozeli kwa waya, moto ukawaka upande mmoja tu. Wakati huo bomba lilishajaa masizi na moshi unarudi sebuleni. Dawa ilikuwa nozeli sahihi, pamoja na ile ndogo ya kimoto cha kuwashia.

Baridi_Njombe
Sebuleni, mita 5 kwa 4. Regulata haina namba, ina kishikio cha kuzungusha.

Spana17
Toa leo! Hiyo ni ya presha kubwa, ya majiko ya hotelini. Weka ya milibari 30 isiyorekebishwa. Kuhakiki, pinda mpira mwangavu umbo la U, tia maji, unga upande mmoja kwenye sehemu ya kupimia presha. Hita ikiwaka, tofauti ya maji iwe kama sentimita 30. Ukizima inapanda kidogo na kutulia. Ikiendelea kupanda, regulata mbovu.

MkaaTu
Jiko la mkaa halina hesabu zote hizi.

KokiYaShaba
Na kaboni monoksidi yake ndiyo nyingi kuliko zote. Usiingize ndani.

MamaNgano
Mtungi wa kilo 15 unafika wapi?

Spana17
Plate zote tatu ni gramu 300 hivi kwa saa, kwa hiyo saa 50. Plate moja, zaidi ya mara mbili ya hapo.

Baridi_Njombe
Ya kabati nikiachia kitufe inazima.

KokiYaShaba
Shikilia sekunde 20 hadi 30. Ikikataa, safisha ncha ya kihisi joto (kinachokata gesi moto ukizimika), na kimoto cha kuwashia kiilambe. Kisha povu la sabuni kwenye kila kiungo, usitumie kiberiti. Na lile bati?

Baridi_Njombe
Limepakwa rangi juu.

KokiYaShaba
Likwangue polepole, weka picha.